Kusoma Kitako cha Kiberiti: Siku Nane Kutoka Bradford Hadi Huntsville

Siku ya kwanza, Jumatatu. Bradford, Pennsylvania

Tumefika Bradford saa nne asubuhi, mimi na mjomba wangu, tukiwa na gari la kukodi, daftari moja, lenzi ya kukuzia, tochi ndogo, na sanduku la mbao lenye vyumba 24 vilivyotandikwa kitambaa laini. Ndani ya sanduku hilo mna viberiti 11 vya mafuta, vile vya chuma ambavyo wengine huviita laita, na kila kimoja kina alama inayohusu safari za anga za juu: roketi, kapsuli, uso wa mwezi, nembo ya safari fulani ya Apollo (mpango wa Marekani wa kupeleka watu mwezini), au jina la manowari iliyotumwa kuwaopoa wanaanga baharini. Vyumba 13 bado ni vitupu. Tumepanga kushuka kusini kwa siku nane hadi Huntsville, Alabama, na katikati ya safari tufuate barabara namba 127 katika siku zile nne za Agosti ambapo kando zake hugeuka soko moja refu.

Sisi wawili hatuvuti sigara. Ninalisema hilo mapema kwa kuwa ndilo swali la kwanza tunaloulizwa kila mahali. Tunachokitafuta ni kumbukumbu ya wakati ambapo kiberiti kilikuwa kitu cha mfukoni cha karibu kila mfanyakazi wa Marekani, wakati huohuo nchi hiyo ilipokuwa ikitengeneza roketi za kwenda mwezini. Ripoti ya daktari mkuu wa serikali iliyoonya juu ya madhara ya sigara ilitolewa Januari 1964, lakini tabia haikubadilika upesi. Chumba cha kuongozea safari za Apollo kule Houston, kilichorejeshwa mwaka 2019 katika hali yake ya zamani, kimewekewa hadi vijisahani vya majivu juu ya meza za wahandisi, maana ndivyo kilivyokuwa.

Bradford ni mji uliotajirika kwa mafuta ya petroli katika karne ya 19, na ndipo George Blaisdell alipoanzisha kampuni ya Zippo mwaka 1932. Kiberiti cha kwanza kiliuzwa kwa dola 1.95 pamoja na ahadi ya kutengenezwa bure kikiharibika, na ahadi hiyo ingali inatimizwa. Katika jumba la makumbusho la kampuni mna dirisha kubwa la kioo ambalo mgeni anaweza kusimama mbele yake na kuwatazama mafundi wakifungua viberiti vilivyotumwa kutoka pande zote. Tulisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Fundi alikishika kiberiti kilichopondeka, akakitoa kiini chake kwenye ganda, akakipindua, na kabla ya kugusa bawaba iliyokatika akakisoma kitako.

Hapo mjomba akanigusa bega. "Umeona? Anza na kitako, mpwa wangu. Picha utaiona tu."

Kwa anayeanza kukusanya, kitako ndicho cheti cha kuzaliwa cha kiberiti. Kuanzia mwaka 1966 Zippo walipiga mistari wima pande mbili za jina lao: mwaka huo minne kushoto na minne kulia, mwaka 1967 minne na mitatu, mwaka 1968 mitatu na mitatu, mwaka 1969 mitatu na miwili, mwaka 1970 miwili na miwili, na hivyo hivyo ikipungua hadi mstari mmoja tu mwaka 1973. Mwaka 1974 mistari ya mshazari ikachukua nafasi. Kwa hiyo miaka yote ambayo watu walitembea juu ya mwezi, kuanzia Julai 1969 hadi Desemba 1972, imo ndani ya alama chache ambazo mtoto anaweza kuzikariri. Kiini cha ndani hakitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa kiwanda hukibadilisha bila malipo, na ganda la mwaka 1969 likaweza kubeba kiini kipya kabisa.

Jambo jingine lililonifungua macho kuhusu Bradford ni sababu ya viberiti hivi kuwapo kwa wingi. Katikati ya miaka ya 1930, kampuni ya kusafisha mafuta ya Kendall, ya mji huuhuu, iliagiza viberiti 500 vyenye nembo yake. Tangu hapo kiberiti kikawa zawadi ya kazini, na kampuni zikajifunza kwamba mfanyakazi atakitoa mfukoni mara nyingi kwa siku. Miaka 30 baadaye, Marekani ilipokuwa na watu wapatao 400,000 katika kazi za Apollo, desturi hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa, na ndiyo iliyotuachia viberiti vya viwanda, vya vitengo, na vya meli. Kwangu hivi vina thamani kuliko vile vya dukani vilivyotengenezwa kwa ajili ya watalii, kwa sababu vilishikwa na mikono iliyofanya kazi yenyewe.

Siku ya pili, Jumanne. Wapakoneta, Ohio

Leo ni tarehe 5 Agosti, siku aliyozaliwa Neil Armstrong, mtu wa kwanza kutembea juu ya mwezi, mwaka 1930, na ndiyo maana tuliendesha gari karibu saa sita bila kusimama sana. Makumbusho ya Wapakoneta yenye jina lake, yaliyofunguliwa Julai 1972, yana kapsuli ya Gemini VIII, ambayo yeye na David Scott waliitumia Machi 1966 kuunganisha vyombo viwili angani kwa mara ya kwanza katika historia, kisha ikaanza kuzunguka kwa kasi ya karibu mzunguko mmoja kwa sekunde kwa sababu injini ndogo moja ilikwama ikiwa wazi. Nimekiangalia chombo hicho kwa karibu. Ni kidogo mno. Watu wawili wamekaa humo begani kwa bega, na mmoja wao akatuliza akili na kukisimamisha.

Jioni, hotelini, nilikitoa kiberiti namba 4 cha sanduku letu, chenye nembo ya Apollo 11, safari iliyomfikisha Armstrong mwezini. Nembo hiyo ilichorwa na Michael Collins, mmoja wa wanaanga wake, na haina jina la mwanaanga hata mmoja, kwa kuwa wote watatu walitaka iwe ya kila aliyeshiriki. Mwanzoni tai alibeba tawi la mzeituni mdomoni, lakini wakubwa waliona kucha zake zilizonyoshwa tupu zinatisha, na tawi likahamishiwa kuchani. Kitako cha kiberiti hiki kina mistari mitatu na miwili. Ganda halina mbonyeo. Kingekuwa bora kuliko vyote tulivyo navyo kama nisingekisugua, miaka miwili iliyopita, kwa dawa ya kung'arisha shaba niliyoambiwa kuwa haina madhara. Rangi ya kijani ya lile tawi iliondoka na kitambaa. Chini ya lenzi bado naona chembe tatu za rangi hiyo ndani ya mchoro, na kila ninapoziona nasikia uchungu uleule. Tangu siku hiyo sitii kitu chochote juu ya rangi ya zamani isipokuwa kitambaa kikavu cha pamba, na ambapo kuna uchafu mgumu, kijiti cha mbao kilicholoweshwa maji kidogo.

Siku ya tatu, Jumatano. Dayton, Ohio

Makumbusho ya jeshi la anga hapa Dayton hayatozi kiingilio, na ndani yake kimo chombo cha Apollo 15 kilichoitwa Endeavour, kilichorudi duniani Agosti 1971. Upande wake wa chini umeungua ukawa kama mkaa.

Nilikuja kukitazama kwa sababu ya neno moja ambalo mkusanyaji hukutana nalo mara kwa mara: "kilisafiri." Wauzaji hupenda kusema kiberiti fulani kilisafiri hadi mwezini. Wanaanga wa Apollo waliruhusiwa kubeba vitu vidogo vya binafsi, lakini vilipaswa kuorodheshwa na kuidhinishwa, na wanaanga wa Apollo 15 walipobeba bahasha za stempu karibu 400 zisizo katika orodha, ambazo baadhi yake ziliuzwa, jambo hilo likawa kashfa iliyofika hadi kwenye baraza la Seneti. Kama bahasha za karatasi zilizua yote hayo, basi kauli ya mdomo kwamba kiberiti kilikwenda mwezini haina uzito wowote pasipo hati. Mjomba ana kanuni ambayo nimeikubali: hadithi isiyo na karatasi isiongeze hata senti moja kwenye bei.

Kuna jambo zito zaidi nililolitafakari mbele ya chombo kile. Tarehe 27 Januari 1967, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walifariki katika moto uliozuka ndani ya kapsuli yao wakiwa bado ardhini, katika majaribio, kwa sababu chumba kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu na vitu vingi ndani yake vilikuwa vya kushika moto. Baada ya hapo wahandisi walibadilisha vitambaa, mabomba, nyaya na mlango. Kiberiti chenye nembo ya Apollo kinabeba picha ya chombo ambacho cheche moja iliwaua watu watatu ndani yake. Watu waliovichonga na kuvibeba walilijua hilo vizuri kuliko sisi, na sidhani walikuwa wakidharau. Moto wa mfukoni ulikuwa wa kawaida kwao kama kalamu. Hata hivyo, tangu leo sitaki tena kuviwasha viberiti vya Apollo mbele ya wageni ili kuonyesha kwamba vinafanya kazi, kama nilivyokuwa nikifanya.

Siku ya nne, Alhamisi. Greenville hadi Hamilton, Ohio

Soko la barabara ya 127 huanza Alhamisi ya kwanza ya Agosti na kumalizika Jumapili. Lilianzishwa mwaka 1987 huko wilaya ya Fentress, Tennessee, ili kuwatoa wasafiri kwenye barabara kuu za kasi na kuwapitisha katika miji midogo, na sasa linaanzia Addison, Michigan, hadi Gadsden, Alabama, umbali wa maili 690, yaani zaidi ya kilomita 1,100. Watu hutandaza vitu vyao mbele ya nyumba, viwanjani, kwenye maegesho ya makanisa, na mashambani chini ya mahema. Hakuna anayeweza kuliona lote. Tulichagua kusimama tu mahali penye meza za zana, visu vya mfukoni, saa au vitu vya jeshi, kwa kuwa viberiti hukaa pamoja na jamaa zake hao, wala si pamoja na vyombo vya jikoni.

Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimeshika viberiti 60 hivi. Vingi vilikuwa vya bia, vya matairi, vya benki, na vya vyama vya wafanyakazi. Kisha, kusini kidogo ya Eaton, muuzaji mmoja alifungua kasha la kioo na kunionyesha kiberiti cha kromu chenye jina la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kwa herufi zilizochongwa, akitaka dola 120. Nilikipindua: mistari mitatu, mistari miwili. Mwaka 1969. Moyo ulianza kwenda mbio, kisha nikakigeuza tena na kuyaangalia maandishi.

Herufi zilikuwa zile zilizopinda kwa mkunjo mmoja, ambazo wapenzi wa mambo ya anga huziita mnyoo, na ambazo A zake hazina mstari wa katikati. NASA ilianza kuzitumia mwaka 1975, ikaziacha mwaka 1992, na kuzirudisha mwaka 2020. Kabla ya 1975 nembo ilikuwa ile ya duara la bluu lenye nyota na bawa jekundu, iliyobuniwa na James Modarelli mwaka 1959. Kiberiti kilichotoka kiwandani mwaka 1969 hakiwezi kuwa kilichongwa mwaka huo kwa herufi ambazo hazijakuwapo.

Nilimwomba muuzaji ruhusa ya kutumia tochi. Mikwaruzo ya zamani ya ganda ilikuwa inafika kwenye ukingo wa herufi na kukatika hapo, kisha kuendelea upande wa pili. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote: kwenye mchoro wa kweli wa zamani, mikwaruzo ya miaka hupita juu ya mchoro na kuukata, kwa kuwa ilikuja baadaye; kwenye mchoro mpya uliowekwa juu ya ganda kuukuu, mchoro ndio unaoikata mikwaruzo. Tena sakafu ya herufi ilikuwa ya kijivu na ya kina sawasawa kila mahali, jinsi mashine ya leza inavyoacha.

Nilimweleza muuzaji kwa upole, naye akasikiliza mpaka mwisho. Alisema alikinunua hivyo hivyo kwa mtu mwingine, nami sina sababu ya kutomwamini. Mtu anaweza kuchonga ganda la zamani kwa mapenzi yake bila nia ya kumdanganya mtu, na udanganyifu ukazaliwa baadaye, kitu kinapobadilisha mikono na maelezo yake kupotea njiani. Akakiondoa kwenye kasha la kioo na kukiweka mezani pamoja na vile vya dola 20. Mjomba alifurahishwa na hilo kuliko kama tungenunua kitu.

Kanuni tunayoitumia ni hii. Kitako kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko tukio kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, kwa sababu maganda matupu hukaa ghalani kabla ya kuchongwa. Kitako kilicho kichanga kuliko tukio kinaonyesha kumbukumbu iliyotengenezwa baadaye, ambayo si kosa, ila iuzwe kwa jina lake. Na mchoro ulio mchanga kwa miaka mingi kuliko kitako ni wa kutiliwa shaka.

Siku ya tano, Ijumaa. Kentucky

Siku ya joto kali na barabara iliyojaa magari kuanzia Frankfort hadi Danville. Tumenunua kitu kimoja tu, kwa dola 18: kiberiti cha mezani chenye umbo la roketi, urefu wa shubiri moja, chenye mabawa matatu ya kusimamia na pua inayofunguka kwa juu. Chini yake pamepigwa neno moja, JAPAN. Neno hilo peke yake husaidia kidogo, kwa maana bidhaa nyingi za Japani za kati ya mwaka 1945 na 1952, wakati wa ukaliaji wa majeshi ya washirika, zilipigwa muhuri unaosema hivyo waziwazi. Hiki hakina, na umbo lake ni la roketi ya hadithi za picha, nene katikati na iliyochongoka pande zote mbili, kama watu walivyoiwazia kabla ya kuzizoea roketi za kweli. Nimekiandika daftarini kama cha baada ya 1952, bila kusogea zaidi ya hapo. Springi ya pua imelegea na bawa moja limepinda. Sitalinyosha, chuma cha kumimina cha namna hii huvunjika badala ya kukunjika.

Siku ya sita, Jumamosi. Jamestown, Tennessee

Hapa ndipo soko lilipozaliwa, na wingi wa watu unalingana na heshima hiyo. Njiani tulivuka mpaka wa majira na kuirudisha saa nyuma kwa saa moja, ambayo tuliitumia yote kutafuta mahali pa kuegesha.

Karibu na alasiri, chini ya hema lenye zana za useremala, mzee mmoja aliyekuwa akiuza randa na patasi alimsikia mjomba akiuliza kuhusu viberiti. Alinyamaza kidogo, akaingiza mkono mfukoni, na kutoa kiberiti kilichofutika kromu kwenye kona zote nne mpaka shaba ya chini ikaonekana. Upande mmoja palikuwa na umbo la manowari na jina USS Princeton. Upande wa pili palikuwa na ngao yenye namba X kubwa iliyosimama juu ya uso wa mwezi: nembo ya Apollo 10.

"Hiki hakiuzwi, kijana," alisema kabla sijauliza. "Nimekitoa kwa sababu mjomba wako ameuliza vizuri."

Apollo 10 ndiyo safari ya Mei 1969 iliyofanya kila kitu isipokuwa kutua. Tom Stafford na Gene Cernan walishuka hadi karibu kilomita 15 kutoka uso wa mwezi huku John Young akiwasubiri juu, kisha wakarudi, ili miezi miwili baadaye wengine waweze kushuka hadi chini. Tarehe 26 Mei waliangukia baharini katika Pasifiki, upande wa Samoa ya Marekani, na USS Princeton ndiyo iliyowachukua. Mzee huyo alikuwa baharia wa meli hiyo, mwenye umri wa miaka 20 wakati huo, na kazi yake ilikuwa chini, katika mitambo, lakini alfajiri hiyo waliruhusiwa kupanda juu kwa zamu. Alituambia kwamba kulikuwa bado giza, na mwanga ulipita angani kwa kasi bila sauti, mrefu, ukiacha mkia, na hakuna aliyesema neno mpaka ulipozimika. Kapsuli yenyewe hakuiona ikigusa maji. Alikuwa amekwisha teremka kurudi kazini.

Aliniruhusu kukishika. Kitako kilikuwa na mistari mitatu na mitatu, mwaka 1968, jambo linalopatana kabisa na ganda lililokaa ghalani miezi michache kabla ya kuchongwa kwa ajili ya meli. Mikwaruzo ilipita juu ya manowari na juu ya mwezi bila kukatika. Kifuniko kilikuwa kimelika upande wa kulia, mahali kidole gumba kinapokisukuma, na kwenye ile X rangi ilikuwa imebaki katika mfereji mmoja tu. Nilimweleza ninachokiona, mstari kwa mstari, naye akatikisa kichwa polepole, kwa kuwa hakuwahi kujua kwamba mistari ile ya kitako ina maana.

USS Princeton iliondolewa kwenye utumishi Januari 1970 na kuuzwa kama chuma chakavu mwaka uliofuata. Nilipokitaja hicho, mzee alisema anajua, na kwamba ndiyo maana hakiuzi.

Nimepewa idhini ya kuchukua vipimo na kukichora daftarini. Nimejaza kurasa mbili. Ninaamini kurasa hizo ndizo kitu cha thamani kubwa tulichokipata katika safari hii, na sitaki kulipunguza jambo hilo kwa kusema kwamba ningependa pia kukimiliki. Kipo mahali pake.

Siku ya saba, Jumapili. Chattanooga hadi Gadsden, Alabama

Sehemu ya mwisho ya soko hufuata mgongo wa mlima Lookout hadi Gadsden, na Jumapili wauzaji wamechoka na bei hushuka. Kwenye trei ya funguo, vifungo vya sare na visu vilivyovunjika nilikiona kiberiti chembamba cha Zippo, cha aina ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1956. Mbele kimechongwa kwa mstari umbo la Saturn V, roketi iliyowapeleka wanaanga wa Apollo mwezini, jembamba na sahihi, mpaka ule mnara mdogo wa kuokolea wanaanga ulio kwenye ncha. Nyuma pana herufi tatu za jina la mtu, na chini yake S-IC. Kitako: minne na mitatu, mwaka 1967.

Mikono yangu ilitetemeka kidogo na sioni haya kuliandika hilo. S-IC ni jina la hatua ya kwanza ya Saturn V, ile ya chini yenye injini tano, na roketi hiyo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Novemba 1967. Mikwaruzo ilipita juu ya mchoro. Mifereji ya herufi ilikuwa na uchafu mweusi uliogandamana kwa miaka, na kina chake hakikuwa sawa, kikizidi pale mkono wa mchongaji ulipoanza na kupungua ulipoinuka. Muuzaji alitaka dola 45, tukapatana kwa 35. Hakujua kilikotoka, alinunua trei nzima katika mnada wa vitu vya nyumba moja iliyofungwa.

Usiku nilikifungua. Jiwe la cheche lilikuwa limevimba na kuwa unga mgumu ndani ya bomba lake, kama linavyofanya likiachwa humo miaka mingi, na springi imeshikana nalo. Nililegeza skrubu ya chini ya kiini, nikatoa springi kwa subira, kisha nikaukwangua ule unga kwa waya mwembamba, kidogo kidogo, karibu saa mbili nzima. Anayeharakisha na kupiga kwa nyundo hupasua bomba. Pamba ya ndani ilikuwa kavu kabisa na utambi haujaungua zaidi ya ncha. Sikutia mafuta wala jiwe jipya.

Siku ya nane, Jumatatu. Huntsville, Alabama

Saturn V ya makumbusho ya Huntsville imelazwa ndani ya jumba refu, ikining'inia juu ya vichwa vya wageni. Ni mojawapo ya tatu zilizobaki, na ilitumika kwa majaribio ya mtikisiko hapahapa mjini. Tulianza kwenye mkia. Midomo mitano ya injini za F-1 ina upana ambao mtu mzima akinyosha mikono haufikii, na hatua hiyo moja, S-IC, ilibeba lita zipatazo 770,000 za mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, ambayo yaliungua pamoja na oksijeni ya kimiminika kwa dakika mbili na nusu hivi, kisha hatua nzima ikaangukia baharini.

Mafuta ya taa. Nilisimama na kile kiberiti chembamba kiganjani nikilifikiria hilo, kwamba roketi kubwa kuliko zote za wakati ule ilinyanyuka kwa mafuta yaliyo ndugu wa yale yanayolowesha pamba ya kiberiti, yote yakitoka kwenye petroli, na kwamba mtu mwenye herufi zile tatu huenda alijua uwiano huo vizuri kuliko mtu yeyote ninayeweza kumuuliza leo. Mjomba alikichukua, akakiinua sambamba na hatua ile ya kwanza, akafumba jicho moja na kulinganisha michoro: mabawa manne, vifuniko vya injini, mistari myeusi. "Amechonga mtu aliyeiona," alisema.

Jioni tulijitayarisha kwa ndege. Mizigo inayokwenda chini ya ndege kwa kawaida hairuhusiwi kuwa na kiberiti chenye mafuta, kwa hiyo tulifungua vyote 13, tukavitoa viini na kuvinusa kimoja kimoja, vitatu tukaviacha wazi dirishani usiku kucha mpaka harufu iishe, kisha tukavifunga maganda na viini kando kando kwa karatasi isiyo na asidi. Halafu nikaandika daftarini.

Namba 12: roketi ya mezani, Japani, baada ya 1952, Kentucky, dola 18, springi imelegea, bawa limepinda, haijarekebishwa. Namba 13: Zippo chembamba, 1967, Saturn V, S-IC, herufi tatu, mchoro wa mkono, Gadsden, dola 35, jiwe limeondolewa, ganda halijaguswa. Chini yake, pasipo namba, kurasa mbili za kiberiti cha USS Princeton, kitako cha 1968, pamoja na maneno haya: kipo kwa mwenyewe, Jamestown, Tennessee.